Kinyumenyume Hadi Thieta

Siku mliyoniaga mlinipa keki, shuka la Kimasai na hotuba ndefu iliyonifanya nigeuke kutazama nyuma yangu, nimwone huyo mtu anayesifiwa. Sikumwona. Kisha Neema, mfamasia aliyekalia kiti changu kabla hakijapoa, akanivuta pembeni: "Mzee, tuandikie. Sisi tuliokuja juzi tumekuta kila kitu kimenyooka. Hatujui mlifikaje hapa."

Basi naandika, nikiwa nyumbani Kyimo, nimekaa upande mmoja wa kiti kwa sababu nitakayoieleza mwishoni. Anayetafuta habari za vyeo na mishahara afunge hapa akanywe chai. Yangu ni kazi na aibu, na aibu ndiyo nyingi. Chuo kilinipa cheti, lakini kazi yenyewe nilifundishwa na aibu.

Niliingia hospitali yetu ya kilimani kama mhudumu wa kusukuma vitanda. Siku ya kwanza mvua ilikuwa inanyesha, na mvua ya Tukuyu mnaijua: ukianika shati mtoto wako akiwa darasa la kwanza, unalianua akimaliza la saba. Niliambiwa nimpeleke mgonjwa mmoja thieta. Neno lenyewe nilikuwa sijawahi kulisikia, na kuuliza niliona haya, kwa hiyo nikasukuma tu kuelekea palipokuwa na moshi, nikiamini mahali pa kazi kubwa hapakosi moshi. Nikamfikisha jikoni. Mpishi alimtazama mgonjwa, akanitazama mimi, akasema, "Huyu hatumpiki. Mpeleke mbele."

Kwa miaka mingi baadaye, kila nilipopita jikoni waliniuliza leo nimeleta nini.

Aibu hiyo ndiyo iliyonisukuma kwenda masomo ya jioni. Tulisomea darasa la watoto wa shule ya msingi pale mjini, kwenye madawati yaliyofanya magoti yafike masikioni. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na mtoto anayesoma kidato cha pili. Tulifanya hesabu mezani pamoja, na yeye ndiye aliyekuwa ananisahihisha. "Baba, mbona unaiogopa hii? Ni herufi tu." Nilifeli hesabu, nikarudia, nikafeli kidogo zaidi, nikarudia tena, hadi nadhani msahihishaji alichoka na mwandiko wangu akanipitisha nimwondokee. Nikaenda chuo cha dawa nikiwa na mvi mbili. Baadaye nikarudi tena kusoma zaidi, na mvi zikakataa kuhesabika.

Famasi nilimkuta Bwana Mhina, mtu wa Tanga, aliyeletwa na uhamisho na asiyesamehe baridi ya huku. Alivaa sweta mbili, juu yake koti jeupe, juu yake koti la mvua, na bado alitetemeka mpaka vidonge alivyokuwa akihesabu vikajihesabu vyenyewe. Famasi wakati huo ilikuwa dirisha, tundu la kutosha kupitisha mkono na lawama. Mgonjwa anatoa karatasi, wewe unatoa dawa, mnaagana. Mhina alilichukia dirisha lile. "Sisi tunapika chakula," aliniambia, "lakini hatujawahi kumwona mtu akila."

Ndiye aliyenieleza habari ya dawa za kinga. Vijana, nyinyi mmelelewa vizuri, hamwezi kuamini tulivyofanya. Mtu alikuwa anapasuliwa kwanza. Akishashonwa, akisharudishwa wodini, ndipo sindano za kuua vijidudu zinaanza, asubuhi na jioni, siku nyingi. Akiruhusiwa anapewa mfuko wa kapsuli akamalizie nyumbani. Kabla ya kisu, hakuna kitu. Sote tuliona ndiyo kinga.

"Kinga ya nini?" Mhina aliuliza akipulizia vidole vyake. "Dawa inatakiwa iwe imeshafika kwenye nyama kisu kinapofungua mlango. Ndani ya saa moja kabla ya kukata. Dozi moja, basi. Wewe unaleta mlinzi wakati wezi wameshalala na kukoroma, halafu unamlipa wiki nzima azunguke nyumba. Anachofanya huyo ni kuwafundisha wezi kumzoea."

Nikamwambia awaambie madaktari. Akasema, "Mimi nahama mwezi ujao kabla sijaganda. Utawaambia wewe."

Alihama kweli, akaniachia sweta moja na kazi hiyo.

Mara ya kwanza nilipopanda thieta kwa miguu yangu, bila kitanda cha kusukuma, nilimkuta Dokta Kamugisha ananawa mikono. Dokta Kamugisha ni mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha waliolazwa usingizi.

"Mfamasia, umepotea? Dirisha lako liko kule chini."

"Sijapotea, dokta. Nimekuja kutazama saa."

"Saa gani?"

"Saa ya dawa na saa ya kisu."

Akanyoosha kiwiko kuonyesha ukutani. Saa ilikuwepo, lakini ilikufa kabla mimi na yeye hatujaajiriwa. "Itazame basi. Ukishaichoka urudi chini."

Kesho yake nilishuka sokoni dukani kwa Bakari, ambaye anauza kila kitu kuanzia misumari hadi dawa za kichwa, na chumba cha pili kina leseni ya dawa muhimu. Nikanunua saa nyekundu ya mezani, ile yenye kengele mbili kichwani kama masikio. Nikaipandisha thieta, nikaiweka kabatini mahali panapoonekana. Kwa bahati mbaya sikujua kwamba Bakari alikuwa ameijaribu kengele na kuiacha imetegwa. Katikati ya oparesheni ya ngiri, wakati kuna kimya cha kanisani, ikalia. Nawaambia, hata mgonjwa aliyelazwa usingizi alitaka kwenda shambani.

"Nani ameleta jogoo humu?" Kamugisha alinguruma.

Nilitamani sakafu ifunguke. Lakini jogoo yule alibaki. Kila mgonjwa akiingia, nilikuwa pale mlangoni nauliza: dawa imechomwa? Saa ngapi? Mbona bado? Wakaniita Kabla ya Kisu. Kamugisha alinifukuza mara nyingi kuliko anavyowafukuza nzi, nami nikarudi kama nzi. Pole pole akaanza kuuliza mwenyewe, "Kabla ya Kisu amesemaje?" kisha akaacha kuuliza na kuanza kusubiri dawa ichomwe ndipo anyooshe mkono apewe kisu. Mishono ikaanza kukauka bila kutoa usaha. Wodi ya upasuaji, ambayo mtu aliweza kuifikia akiwa amefumba macho kwa kufuata harufu, ikaanza kunuka sabuni.

Waliotushinda zaidi ni wagonjwa. Kwetu mtu aliyepasuliwa akirudi nyumbani bila mfuko wa dawa, majirani wanamtazama kama aliyetoroka. Mfuko ndio ushahidi. Unawekwa mezani, wageni wanautazama, wanaguna kwa heshima. Nakumbuka mkulima mmoja wa ndizi, jirani yangu hapa hapa Kyimo, tuliyemtoa ngiri na kumruhusu mikono mitupu. Alirudi kesho yake dirishani, mkewe nyuma yake.

"Tata," akaniambia kwa uchungu, yaani baba kwa lugha yetu, "mmenipasua bure?"

"Dawa ulipewa kabla hujalala, ndugu yangu. Ile sindano. Imetosha."

"Mimi nilikuwa sijapasuliwa bado! Unanipa dawa ya kidonda kabla sijapata kidonda?"

"Ndiyo kinga yenyewe."

"Nipe hata za kuonyesha," mkewe akasema. "Hatazimeza. Ni za mezani tu."

Nilimkatalia kwa hotuba ndefu. Niliwaambia woga wa mtu hauyeyuki kwa kapsuli, waniamini mimi na waiamini sindano moja. Aliondoka amenikasirikia, na kidonda chake kikapona vizuri sana, jambo ambalo hajawahi kunisamehe. Ikumbukeni hotuba hiyo.

Basi nikanenepa kichwa. Nikaongeza utaratibu wangu mwingine: kwamba hakuna anayekwenda thieta mpaka mimi mwenyewe, mfamasia, nimesimama kitandani kwake na kumuuliza maswali. Kuna dawa iliyowahi kukudhuru? Umemeza dawa gani siku hizi, za dukani na za kienyeji? Mara ya mwisho kulazwa ulichomwa nini? Nikiwa na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka ungeweza kukata mkate kwa ukosi wake, nilisimama miguuni pa kitanda na kuuliza kwa sauti, wodi nzima ikisikia. Sikumwachia nesi. Niliona manesi wana haraka, mimi niko makini. Wanawake, hasa, walinijibu vizuri sana: hapana, mzee, hakuna, mzee, sijawahi, mzee. Niliwasifia kwenye vikao. Nilisema wanawake wa Rungwe wana afya ya chuma.

Sasa nifike kwa mkwe wangu, mke wa mwanangu. Nitamwita Sekela. Ameniruhusu kuandika haya, kupitia kwa mke wangu, kwa sababu mimi na yeye hatuzungumzi. Hatujagombana hata kidogo. Ndivyo heshima ilivyo. Wengi wenu mmetoka mikoa mingine, kwa hiyo niwaeleze: kwetu Wanyakyusa mke wa mwanao hakutazami usoni, hakai chumba kimoja nawe, hakusemeshi. Akikuona njiani anaingia kwenye migomba mpaka upite. Vijana wa mjini wameshaacha, wanapeana mikono na wakwe zao na kupiga picha. Sekela alilelewa na bibi yake kule Lupepo, naye hajaacha kitu. Tangu aolewe nilikuwa namjua kwa visigino tu, maana kila nilipotokea yeye alikuwa anaondoka. Visigino vizuri, vya mtu mchapakazi. Uso wake ningekutana nao sokoni nisingeujua.

Asubuhi moja, baada ya ripoti, niliitwa wodi ya wazazi. Mwenzangu wa famasi alikuwa amekwenda Mbeya kufuata dawa, nilikuwa peke yangu. Kuna mama uchungu umegoma, mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, anakwenda kupasuliwa sasa hivi. Nikaingia na koti langu, nikasimama miguuni pa kitanda, nikafungua mdomo. Mgonjwa akavuta kitenge akajifunika uso na kugeukia ukutani, shuka likapanda, nikaona visigino.

Sista Tusajigwe, nesi wa wodi ile ambaye nilikuwa nimefanya naye kazi miaka mingi, alisema kwa sauti ya chini, "Mzee, huyu ni wa kwako."

"Nimeona."

"Basi tupishe."

Lakini utaratibu ulikuwa wangu, nilikuwa nimeuhubiri mpaka umekomaa, na vitanda vyote vilikuwa vinanitazama. Nikageukia dirisha nikasema na mvua, "Sista, muulize mgonjwa kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru."

Tusajigwe akainama kuuliza. Chini ya kitenge kichwa kikatikisika haraka haraka, kama mtu anayefukuza nyuki.

"Anasema hakuna."

"Muulize sindano alizochomwa kliniki. Kadi yake iko wapi?"

"Kadi imebaki nyumbani. Na anasema hakuna, mzee, hakuna!"

Nikasema ampisilini, dawa tuliyokuwa tukiitumia siku hizo, nikatoka kwa kujifanya nina haraka. Jasho lilinitoka mpaka nadhani mto chini ya kilima uliongezeka. Kitanda kikasukumwa kwenda thieta, nami nikafuata mbali, kona moja nyuma, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuhakikisha dawa inachomwa kabla ya kisu na heshima yangu ilikuwa kutomwona. Pale mlangoni pa thieta wakasimama kusubiri meza iwe tayari. Mimi nikasimama nyuma ya kona, mgongo ukutani.

Nikamsikia Tusajigwe: "Haya dada, nakuchoma ampisilini yako, ndiyo dawa ya kulinda mshono."

Kisha nikasikia sauti nisiyoijua. Ilikuwa nyembamba na imechoka, lakini imenyooka. Ilisema:

"Wewe mti wa dripu. Ndiyo, wewe uliyesimama hapo. Mwambie nesi kwamba kuna mtu alichomwa sindano kliniki ya wajawazito, koo likavimba, akaanguka, wakamwamsha kwa sindano nyingine. Waliandika kwenye kadi. Kadi aliificha. Sasa mwambie nesi aulize kama hii ampisilini ni ndugu wa ile."

Kwa muda nilidhani mtu amechanganyikiwa. Kisha nikaelewa. Alijua niko nyuma ya kona. Hawezi kunisemesha, na hawezi kulitaja lile jambo mbele yangu, lakini mti wa dripu si baba mkwe wa mtu.

Sindano ile ilikuwa ya ugonjwa gani, na aliihitaji kwa sababu ya nani, hayo ni ya nyumba yangu. Nimeyamaliza na mwanangu kwa sauti iliyofanya ng'ombe waache kutafuna. Kwenu inatosha kujua kwamba ilikuwa penisilini, na ampisilini ni ndugu yake wa tumbo moja.

"Sista, acha!" nilipiga kelele kutoka nyuma ya kona. "Toa hiyo sindano!"

"Bado sijasukuma!" Tusajigwe akajibu. "Imeshaingia kwenye mpira lakini sijasukuma! Sijasukuma, mzee!"

Nilikimbia famasi. Nimekimbia mara mbili tu maishani, mara ya kwanza nilikuwa nafukuzwa na nyuki. Dawa zisizo za ukoo wa penisilini zilikuwepo: klindamaisini kabatini nyuma ya maboksi ya glavu, jentamaisini kwenye rafu ya chini. Niliporudi, koridoni hapakuwa na mtu. Walikuwa wameshamwingiza.

Kamugisha akanisikia hatua. "Kabla ya Kisu! Mtoto anachoka! Hiyo dawa ipo au nikate?"

"Ipo, dokta! Tuma mtu aje aipokee!"

"Mtu gani? Wote wamevaa glavu! Ingia!"

Kuingia maana yake ni kumwona mke wa mwanangu mezani, katika hali ambayo hata mume wake asingeruhusiwa kumwona. Kutoingia maana yake mnaijua. Nikavua viatu, nikavaa barakoa na kofia, nikashika sahani ya dawa kwa mikono miwili nyuma ya mgongo wangu, nikageuka, nikaingia thieta kinyumenyume.

Nikagonga ndoo. Nikagonga mlango wa kabati, jogoo wangu mwekundu akatikisika.

"Mzee," Kamugisha akasema, "mbona unarudisha gari nyuma?"

"Ni mkwe, dokta."

Yule bwana wa Bukoba akaishusha ile sauti yake ya kuamsha watu. Kisha akasema kwa upole, kama utingo anayemwelekeza dereva, "Sawa. Njoo. Kushoto kidogo. Njoo, njoo. Nyoosha. Hapo, simama."

Mkono ukachukua sahani. Nikamsikia mtu wa usingizi akiitikia kwamba dawa imeingia. Nikatoka nikitazama mbele, na hiyo ndiyo ilikuwa mara pekee niliyoondoka thieta bila kutazama saa. Nilikuwa nimefika jikoni, sijui miguu ilinipeleka kwa nini huko, niliposikia mtoto analia. Wa kike. Mapafu ya mama yake.

Mpishi akaniuliza leo nimeleta nini. Nikakaa kwenye gunia la viazi.

Siku ile Tusajigwe alinikuta pale pale. Nilimwambia nina aibu ya yaliyotokea mbele ya wodi. Akasema, "Hiyo ni ndogo, mzee. Mimi nawaza wale wengine."

"Wengine gani?"

"Umesimama kwenye vitanda vya wanawake miaka yote hii na mvi zako. Nusu ya wilaya hii wewe ni baba mkwe wao au ni mdogo wake baba mkwe wao. Unauliza kwa sauti umechomwa nini, umemeza nini. Wakujibu nini? Hapana, mzee. Hakuna, mzee."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mume wangu ni wa ukoo wenu." Na hapo ndipo nilipogundua kwamba katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja, Sista Tusajigwe alikuwa akinijibu akitazama dirisha, au faili, au viatu vyake. Mimi nilidhani ana macho mabovu. Nilishawahi hata kumshauri atafute miwani.

Vijana, kuna aibu ya kuanguka mbele za watu, unanyanyuka, unajipangusa, watu wanacheka, yanaisha. Na kuna hii nyingine. Sijui ni wanawake wangapi waliniambia hapana kwa heshima tu, wakaenda mezani na siri yao. Sitajua. Waliopata vipele na kuvimba midomo nilisema ni bahati mbaya. Siwezi kuwarudia na kuwauliza, na hata nikiwauliza watanijibu hapana, mzee.

Tukabadilisha. Wanawake wakaulizwa na mwanamke, nyuma ya pazia, kabla ya mimi kutia mguu wodini. Na msaidizi aliyekuja na mgonjwa akaulizwa peke yake, nje, mbali na ndugu wengine. Mimi nikawa nakaa koridoni napokea majibu. Neema, uliponiuliza mwongozo huo ulitoka wizarani mwaka gani, nilikohoa nikabadilisha mazungumzo. Ulitoka kwa mti wa dripu.

Sasa kuhusu kukaa upande: ni mshono.

Mwezi mmoja baada ya keki yenu, ngiri niliyokuwa nimeificha chini ya koti jeupe kwa muda mrefu ilikataa kufichwa. Nikapangiwa kupasuliwa, pale pale kwetu, na Kamugisha. Nami, Kabla ya Kisu, niliyemhutubia jirani yangu mpaka mate yakanikauka, nilishikwa na woga usio na kifani. Usiku sikulala, mchana sikula. Nikashuka kwa Bakari kimya kimya, nikanunua kapsuli za amoksilini za kujikinga mapema. Bakari akauliza ni za nani. Nikasema za ng'ombe. Nikazimeza nyuma ya nyumba, na karatasi zake nikazifukia kwenye migomba.

Siku yenyewe nilikuwa kitandani, wodi ya wanaume, nimejifunika shuka mlilonipa. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni. Mlangoni, nje, mgongo kwa wodi, alisimama mtu ameshika hotipoti ya chakula cha mke wangu. Niliona visigino.

Neema akaja na koti lake. Hakusimama miguuni pa kitanda. Alivuta kiti, akakaa, akapunguza sauti kama nilivyomfundisha. "Shikamoo mzee. Samahani, maswali unayajua kuliko mimi."

"Uliza tu, mwanangu."

"Kuna dawa iliyowahi kukudhuru?"

"Hakuna."

"Umemeza dawa yoyote siku hizi? Hata ya dukani?"

Nilimtazama yule binti aliyesoma hotuba siku ya kuniaga. Alikuwa amesema mimi ndiye niliyemfundisha kuiamini dozi moja. Nikasikia mdomo wangu unasema, laini kabisa, "Sijameza kitu."

Kisha kutoka mlangoni, ile sauti nyembamba niliyoisikia mara moja tu maishani mwangu:

"Wewe hotipoti. Mwambie mfamasia kwamba mtu anayefagia nyumba yetu amefukua karatasi za kapsuli kwenye migomba. Na ng'ombe wetu hawaumwi."

Mke wangu akageuka kunitazama. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Neema aliweka kalamu chini, akangoja, na ndivyo nilivyomfundisha pia.

Nikavuta lile shuka mlilonipa, nikajifunika uso, nikageukia ukutani. Kule kando, karibu na kichwa changu, mti wa dripu ulikuwa umesimama. Nikauambia yote: zilikuwa za rangi gani, zimebaki ngapi, na kwamba niliogopa.